Shangazi na Difu ya Meno

Fiiiiiii.

Ndivyo lilivyolia. Halikuwa breki wala mkanda wa injini. Lilikuwa tairi la mbele, la upande wa ndani wa kona, likisugua lami bila kwenda popote. Mtoto alikuwa na miaka tisa, amekaa kiti cha mbele cha gari la mteja, miguu haifiki chini, na baba yake alikuwa akipandisha kile kilima chenye kona kali nyuma ya gereji, mahali alipozoea kulijaribia kila gari kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe. Baba hakusimamisha gari. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili, akamuuliza kama amelisikia. Akajibu ndiyo.

"Basi likumbuke. Tairi linalolia silo lililobeba mzigo. Lililobeba mzigo limenyamaza, liko kazini."

Mtoto yule sasa ana miaka hamsini na mmoja. Baba hayupo, kilima kipo, na gereji ni yake pamoja na kaka yake. Watu wote humwita Shangazi. Walioanza ni watoto wa kaka yake, enzi walipokuwa wakicheza kati ya magurudumu. Wateja wakalidaka jina hilo, na siku hizi hata mzee mwenye mvi anayeleta lori lake humwita Shangazi, naye huitika bila kucheka. Ni mfupi, mabega mapana, kucha amezikata hadi mwisho, na ovaroli yake ya bluu imefifia magotini kwa kupiga magoti miaka thelathini. Kaka yake ni mtu wa bodi na kuchomelea vyuma. Yeye ni mtu wa giaboksi. Baba ndiye aliyewagawia kazi hizo: mvulana ana mikono ya moto, alisema, na msichana ana masikio.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, gereji hufungwa saa nne, na Shangazi huenda kwenye uwanja wa mbio. Zamani palikuwa kiwanja kidogo cha ndege. Ndege zilipoacha kuja, watu wa klabu ya magari walichora njia yenye kona saba, wakajenga kingo za zege kwenye kona kali na kuzipaka nyekundu na nyeupe. Hapo Shangazi ameendesha kwa misimu kumi na tisa, katika gari dogo jekundu linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo wenzake wamelibatiza Kunguni, kwa kuwa ni dogo, ni jekundu, na ukilipuuza linakuuma.

Halafu kukawa na misimu miwili ambayo hakuendesha.

Siku ile alikuwa chini ya gari la mteja, akipokea giaboksi, na kaka yake alikuwa kwenye jeki. Jeki ilikuwa kuukuu, ilikuwa ikitoa machozi ya oili tangu wiki iliyotangulia, na wote wawili waliyaona machozi hayo wakasema tutaishughulikia. Iliachia ghafla. Giaboksi ilishuka na kifundo cha mkono wake wa kulia kikawa kati ya chuma na sakafu. Hospitali walimfunga kipande cha chuma ndani ya mfupa, kwa skrubu sita. Daktari alipomwonyesha picha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema aliyezifunga skrubu hizo anajua kazi, zote zimekaa sawa.

Tangu siku hiyo kaka yake hajashika jeki yeye akiwa chini. Pole hakuwahi kuisema kwa mdomo. Aliisema kwa kila njia nyingine: alimfungulia chupa za soda kabla hajaomba, alibeba ndoo za maji kabla hajaziinamia, akanunua jeki mpya na kuifunika kwa turubai kama maiti. Na kila neno lilipoelekea kwenye uwanja wa mbio, aliwasha mashine ya kuchomelea ili lisisikike.

Klabu ina sheria yake. Dereva aliyekaa nje misimu miwili anafutwa, isipokuwa akizunguka mizunguko kumi mfululizo, bila kupumzika, na kila mzunguko usizidi dakika moja na sekunde arobaini na nane. Orodha ya madereva imebandikwa ukutani katika ofisi ya klabu, kando ya dirisha. Majina yote yameandikwa kwa wino. La Shangazi lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Aliyeliandika hivyo ni Katibu wa klabu, na hakuliandika kwa ubaya. Katibu alijifunza ufundi kwa baba yao. Alianza kwa kuosha nati kwenye karai, akala meza moja nao, na hadi leo humwita Shangazi dada. Sasa ana duka la vipuri, mafundi wake mwenyewe, na ndiye dereva mwenye kasi kuliko wote. Aliona ni busara kutumia penseli. Kitu cha penseli kikifutwa hakiachi kidonda.

Miezi mitatu kabla ya orodha kufungwa, Shangazi alimtoa Kunguni chini ya turubai. Mkono ulistahimili. Alizunguka mizunguko kumi bila tabu, lakini saa ikasema moja hamsini, moja hamsini na moja. Na katika kila kona alikisikia kilio kilekile cha utotoni: fiiiiiii.

Sababu aliijua kabla hajavua helmeti. Difu ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na difu ya kawaida ina tabia ya maji: hukimbilia penye mteremko. Gari likiingia kona, uzito wote hulalia tairi la nje; la ndani hubaki jepesi, na nguvu yote humiminikia huko, kwa asiye na kazi. Linalia, linatoa moshi, na gari haliendi. Mwenye mzigo anapewa makombo. Kunguni alihitaji difu inayojibana, yenye kumwambia asiye na kazi atulie ili mwenye mzigo apate haki yake. Swali lilikuwa ipi.

Kaka yake hakuona swali. Kwake kila kitu kinachocheza ni cha kuchomelewa. Alimwambia ampe ile difu ya zamani na nusu saa tu, ataifunga kwa moto, magurudumu mawili yazunguke kama moja hadi kiama.

"Gari la kuvutwa mbele ukilichomelea difu, kaka, hugeuzi gari," Shangazi alimjibu. "Unageuza kabati."

"Basi endesha kwenda mbele tu. Si lazima ugeuke."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kucheka wakizungumzia uwanja.

Katibu alikuja na jibu lake mkononi, limefungwa katika taulo jeupe. Ilikuwa difu ya sahani. Ndani yake zimepangwa sahani nyembamba za chuma, na ukikanyaga mafuta zinabanana kama viganja viwili vinavyosukumana, mpaka magurudumu yote mawili yatii. Yeye mwenyewe alikuwa ameitumia misimu minne, na misimu yote minne alishinda. Kwa sababu hiyo kila mwenye gari la kuvutwa mbele katika klabu alikuwa na difu ya sahani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata kona ya tatu wote waliipita kama alivyoipita Katibu: tairi la ndani juu ya ukingo wa zege, gari linaruka kama mbuzi, mguu kwenye mafuta. Rangi ya ukingo ilikuwa imeliwa na matairi hadi zege likaonekana.

Shangazi aliipokea. Hakuwa mtu wa kukataa kitu kabla ya kukisikia. Mafundi wa Katibu wakaifunga dukani kwao, na Jumamosi iliyofuata Kunguni akaingia uwanjani na sahani tumboni.

Mzunguko wa kwanza: moja arobaini na sita. Madereva waliokaa kwenye ukuta wakapiga makofi. Tairi la ndani lilikuwa limenyamaza kabisa. Lakini kila alipotoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, usukani ulimchomoka, ukavuta kushoto, ukavuta kulia, kama mbwa aliyeona paka. Wenye mikono mizima hucheka na jambo hilo. Ndiyo raha yenyewe, husema. Yeye alikuwa na skrubu sita. Mzunguko wa tatu mkono ulipata moto. Wa tano ulipata baridi. Wa sita, kwenye kona ya mwisho, aliuamuru ukaze nao haukujibu, na Kunguni akatoka barabarani taratibu, akasimama katikati ya majani kama gari lililokuja matembezi.

Kaka yake alifika mbio, yeye asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Alifungua mlango, akauona ule mkono umelala mapajani kama si wa mtu.

"Imetosha," alisema.

Katibu alifika nyuma yake, akapiga magoti kwenye majani, na alichosema alikisema kwa upole wa kweli. Klabu ilihitaji msimamizi wa bendera kwenye kona ya tatu. Kuna kiti, kuna mwavuli, kuna filimbi. Mtu mwenye jicho kama la dada yake angeokoa maisha ya watu pale. Wapo madereva waliostaafu hivyo, kwa heshima zao, na majina yao yangali yanatajwa.

Shangazi aliunyoosha mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

"Heshima ya kukalia kiti nitaipata nikifa, tena nitalala kabisa. Nina sahani moja mfupani na inanitosha. Hii nyingine nitakurudishia."

Nyumbani kaka yake hakunyamaza tena. Alimuuliza anamkomoa nani. Baba alishakufa, hakuna anayemtazama. Alimuuliza kama anataka na mkono wa pili uende ulikokwenda wa kwanza. Shangazi alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, vibaya, akipoteza nusu ya kiazi kwenye ganda. Alimwacha aseme hadi mwisho. Kisha akamwambia kuwa mkono haukwenda popote, huu hapa, na anayeutazama kama umezikwa ni yeye. Kaka yake akachukua kisu na viazi, akamenya vilivyobaki.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Shangazi alijua kuna difu ya aina ya tatu. Hiyo haina sahani. Ina meno tu, gia ndogo za mshazari zilizopangwa kuzunguka kama watoto kwenye mchezo, na tairi moja likianza kuteleza gia hizo huegemeana na kuusukuma mzigo upande wa pili. Haina ugomvi. Inabana pale inapohitajika na kuachia bila kukuvuta usukani. Wasiwasi ulikuwa wapi ataipata, kwa sababu katika klabu hakuna aliyeitaka.

Alikumbuka kwamba magari ya aina ya Kunguni, machache yaliyotengenezwa kwa ajili ya michezo, yalitoka kiwandani na difu ya meno. Akaenda yadi ya vyuma chakavu, akayapita yaliyopondeka mbele, akatafuta lililopondeka nyuma. Alilipata siku ya pili, halina viti, paka amezalia kwenye buti. Mwenye yadi alimwambia asijisumbue, giaboksi zote za gari hilo ni moja. Shangazi hakubishana. Alilala chini, akachomoa shafti mbili za magurudumu, akatoa tochi. Difu ya kawaida ina pini ya chuma iliyokatiza katikati. Ukimulika kwenye tundu la shafti unaiona imekuzibia njia. Alimulika upande wa kulia, akaiacha tochi hapo, akazunguka na kutazama upande wa kushoto.

Mwanga ulikuwa umepita. Ulitokea upande wa pili, mdogo, wa njano, kama dirisha la nyumba iliyo mbali.

Alirudi na difu hiyo kwenye mfuko wa simenti na kuiweka juu ya meza ya kaka yake. Kaka yake aliigeuzageuza, akaipangusa, na alipozungumza hakuwa na dhihaka.

"Hii hufanya kazi tairi zote mbili zikigusa ardhi," alisema. "Kona ya tatu, pale ukingoni, la ndani linaenda hewani. Hewani hakuna cha kuegemea. Utazungusha upepo, mdogo wangu, na saa inakwenda."

Lilikuwa neno la kweli, na Shangazi alijua ni la kweli. Alilala nalo usiku, akaamka nalo, na Jumapili alasiri akaenda nalo uwanjani, kwa miguu.

Hapakuwa na mtu ila mlinzi. Aliitembea kona ya tatu kwa hatua, mara nne. Ukipita juu ya ukingo unaokoa hatua tano. Ukiuzunguka kwa nje unazipoteza hizo tano, lakini lami ya huko ni tambarare, magurudumu yote manne yanabaki chini, na unaweza kukanyaga mafuta mapema, tangu palipokuwa na doa la oili ya zamani. Tatizo ni moja tu: kwa miaka hakuna aliyepita huko. Mchanga umejaa, majani yameota kwenye nyufa, na vipande vya mpira vimetapakaa kama makapi.

Akamwomba mlinzi ufagio.

Mpaka Jumatatu mchana klabu nzima ilikuwa na habari. Shangazi amefagia uwanja wa mbio. Mmoja alipita gerejini kuuliza kama wiki ijayo atapiga na deki. Mwingine alimletea sabuni ya unga. Shangazi aliipokea sabuni, akashukuru, na akafulia taulo jeupe la Katibu.

Sasa kilibaki kile ambacho wote wawili, yeye na kaka yake, walikuwa wakikizunguka. Katika gari la kuvutwa mbele, difu haikai peke yake. Imo ndani ya giaboksi. Kuibadilisha ni kuishusha giaboksi yote, na kuishusha ni mtu mmoja kuwa chini na mwingine kuwa kwenye jeki.

Kaka yake alisema hapana. Aliingia bandani mwake akawasha mashine, na cheche zikaanza kuruka ingawa mezani hapakuwa na kazi yoyote ya kuchomelea.

Basi Shangazi akafanya peke yake. Alimpandisha Kunguni juu ya stendi nne, akaisukuma kila kona ya gari kwa bega kuona kama litatikisika. Aliupitisha mnyororo wa kunyanyulia injini juu ya boriti, akauteremsha hadi kwenye giaboksi, akaufunga mahali pawili. Akafungua bolti moja baada ya nyingine kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauacha ufanye kazi ya kushika spana isidondoke. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku nzima. Giaboksi ilishuka inchi kwa inchi, ikaning'inia, ikaanza kuzunguka polepole kwenye mnyororo wake. Na hapo akagundua kosa lake: mnyororo ulikuwa upande mmoja, naye yuko upande mwingine, chini, ameizuia isigonge kwa kiganja, na akiachia itamgeukia.

Hakuita. Ndani ya banda mashine ilikuwa imenyamaza, hakujua tangu lini.

Aliona kwanza viatu, vile vya ngozi vilivyojaa matundu ya cheche. Kisha magoti. Kisha turubai likavutwa, na jeki mpya ikaingia chini ya giaboksi, ikapanda, ikakaa. Kaka yake alikuwa akipumua kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Ondoa mkono," alisema.

"Sijaufunga upande wa..."

"Ondoa mkono, nimekuomba."

Aliuondoa. Jeki haikutikisika. Walikaa hivyo muda kidogo, mmoja chini na mmoja juu, wakiisikiliza isishuke. Kisha kaka yake akasema giaboksi haishikwi kama mtoto wa jirani, inashikwa kama wa kwako, na Shangazi akasema kama angejua atakuja kufundisha angemwekea kiti.

Difu ya meno ilipokwisha kukaa ndani, waliijaribu uani. Walipaka grisi kwenye kipande cha bati, wakakiweka chini ya tairi la kulia. Shangazi akaweka gia ya kwanza. Tairi likazunguka juu ya grisi, gari limesimama. Kaka yake akainua nyusi: si nilikwambia. Shangazi aligusa breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, kama mtu anayekanyaga kitu asichotaka kukivunja. Breki ikalipa lile tairi jepesi kitu cha kusukumana nacho, meno yakaegemeana, na Kunguni akatembea akatoka kwenye bati.

Kaka yake alilitazama bati, akautazama mguu wa dada yake.

"Hapo kuna grisi. Na hewani?"

"Hewani nitakanyaga zaidi kidogo."

Jumamosi ya mwisho ilikuwa kavu, bila upepo. Katibu alikaa kwenye meza yake kando ya mstari, saa ya mbio mkononi, orodha mbele yake, penseli nyuma ya sikio. Shangazi alimwekea difu ya sahani juu ya meza, imefungwa katika taulo lilelile, limefuliwa na kupigwa pasi. Katibu aliona haya. Alisema watu watauliza difu yake ilikuwa na kasoro gani.

"Waambie haina kasoro. Kasoro ninayo mimi, na mimi nimeshaikubali. Nyinyi ndio mnaikataa."

"Dada, mizunguko kumi. Ukichoka simama. Hakuna atakayekucheka."

"Washacheka. Nimeona sabuni."

Akavaa helmeti.

Kona ya tatu, mara ya kwanza, Kunguni aliuacha ukingo kushoto kwake na kwenda nje, kwenye lami iliyofagiliwa, na ukutani mtu akasema huyo anakwenda sokoni. Lakini sauti ya injini haikukatika. Kwa wengine wote hapo huwa kuna pengo, nusu sekunde ya injini kupiga kelele bure wakati tairi liko hewani, kisha kishindo. Yeye alitoka na sauti moja, inayopanda, kama ushonaji wa cherehani. Moja arobaini na saba. Usukani ulikaa mikononi mwake ukiwa mzito lakini mtulivu, kama kichwa cha mtoto anayesinzia.

Moja arobaini na saba. Moja arobaini na saba tena. Kaka yake alikuwa amesimama kwenye kona ya tatu, mahali pa kile kiti na mwavuli, na hakukaa.

Mzunguko wa sita, ule uliomshinda, ulipita. Wa saba mkono ukapata moto. Wa nane ukaanza kupoa, na yeye akajua maana yake. Akaanza kuongea nao humo ndani ya helmeti, akiutukana kwa majina ambayo baba yake asingependa kuyasikia.

Wa tisa, kona ya tatu, mkono ulichelewa. Kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na kuuliza "mimi?" Kunguni aliangukia ndani, tairi la kushoto likapanda ukingo, likaenda juu. Injini ikalia. Kaka yake alifumba macho, kwa hiyo yeye ndiye aliyesikia vizuri kuliko wote: ile kelele tupu ya kuzungusha upepo, ikianza, na kabla haijakomaa, ikakatwa. Mguu wa kushoto. Meno yakapata cha kuegemea. Sauti ikashuka, ikajaa, ikashika mzigo, na alipofumbua macho gari lilikuwa limeshaondoka.

Moja arobaini na saba na sehemu tisa za kumi. Katibu aliitazama saa, akaipangusa kioo kwa kidole, akaitazama tena. Wa kumi ulikuwa moja arobaini na saba.

Shangazi alisimamisha gari mbele ya meza. Hakushuka. Kaka yake alifika, akafungua mlango, akaona vidole vya mkono wa kulia vimeganda kwenye usukani. Hakusema imetosha. Alivibandua kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, na alipofika gumba akaushika mkono wote katikati ya viganja vyake viwili, akaanza kuusugua, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuugusa.

"Jeki ile," alianza.

"Ilikuwa ikitoa machozi," Shangazi alisema. "Niliyaona na mimi."

Katibu alikuja na ubao wake wa orodha. Alikuwa na tabasamu pana, la mtoto wa kuosha nati, na lilikuwa tabasamu la kweli. Alisema karibu tena dada, alisema ile njia ya nje ataijaribu na yeye wiki ijayo, alisema ufagio uko wapi. Huku akisema, alitoa penseli nyuma ya sikio na kuanza kulipitia tena jina la Shangazi, herufi kwa herufi, akilikoleza.

Shangazi aliitazama ncha ya penseli ikitembea. Injini ya Kunguni ilikuwa ikipoa, ikitoa vile vilio vidogo vya chuma kinachorudi mahali pake. Aliinama kidogo mlangoni, na alichosema alikisema chini chini, hata Katibu ikabidi asogeze sikio.

"Kwa wino, mdogo wangu."